Golf 5 ya DSG: giaboksi nzuri, gereji imeniudhi

Magari ya Mjerumani ndivyo yalivyo, mzee. Hilo ndilo jibu nililopewa gereji juzijuzi, gari limetoka kubadilishwa oili ya giaboksi na sasa linatikisika kila likiingia gia ya pili. Si kweli hata kidogo!

DSG, yaani giaboksi ya otomatiki ya Volkswagen, ya gia sita kwenye Golf kizazi cha tano ina klachi mbili. Moja inashika gia ya 1, 3, 5 na rivasi, nyingine 2, 4 na 6. Zote zinaogelea kwenye oili, na oili hiyohiyo inalainisha gia na kuendesha vali za mekatroniki, yaani ubongo wa giaboksi. Ikipungua, kila kitu kinaumia pamoja.

Oili hubadilishwa kila kilomita 60,000, na filta yake. Chini kuna nati ya alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya mm 14. Ukiifungua hutoka oili kidogo tu, na fundi asiyeijua kazi anadhani imekwisha. Bado! Ndani ya tundu hilohilo kuna kijibomba cha plastiki, kinafunguliwa kwa alenkii ya mm 8. Ukikitoa ndipo zinamwagika kama lita 5. Wakati wa kukirudisha usikaze kwa nguvu, Nm 3 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, la sivyo kinapasuka.

Kipimo cha oili ndicho kilichoniudhi zaidi. Gari lisimame sawa, injini inaunguruma, joto la oili lisomwe kwa mashine ya kompyuta: nyuzi 35 hadi 45. Oili ikidondoka matone kupitia kijibomba, imetosha, funga. Wale wa gereji walipima injini imezimwa! Injini ikizimwa oili inarudi yote chini, inafurika mapema, inaonekana imejaa kumbe pungufu. Filta nayo hawakuigusa. Iko juu, karibu na betri, na kifuniko chake bado kina vumbi lilelile.

Hata wahandisi wa Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, nawalaumu. Kwa nini hawakuweka kijiti cha kupimia, kama cha oili ya injini? Nilitaka kulipatia gari nyota mbili. Lakini giaboksi hii ikiwa na oili yake sawasawa, gia inayofuata inakuwa imeshaingia inasubiri klachi tu, husikii hata mshtuko. Siwezi kuiita mbovu. Nyota nne, na ya tano naizuia kwa sababu ya kijiti.

Gereji ile haipati hata moja.