Mhudumu aliyemshika Kroot wangu

Sina kawaida ya kulalamikia maduka, lakini hili limenikaa kooni wiki kadhaa sasa, acha niliseme.

Duka lenyewe liko karibu na kituo cha treni, hapa Uingereza ninakoishi. Nilikuwa nalipenda sana. Wana meza nzima ya Gallowdark ya kuchezea Kill Team, mchezo wa vita wa dadu na vikosi vya sanamu ndogo: kuta, korido na milango ya chuma, mnapigana ndani ya meli iliyotelekezwa angani. Aliyezoea kucheza uwanja wa wazi akiingia humo ataona ni mchezo mwingine kabisa. Ukuta hauparamiwi, risasi haiupenyi, na adui humwoni mpaka mlango ufunguke.

Halafu kuna lindo. Ukimweka askari wako lindo, adui akifanya jambo mbele ya macho yake unaruhusiwa kumkatiza, umfyatulie au umvamie, hata kama si zamu yako. Kwenye korido nyembamba kanuni hii ndiyo roho ya mchezo. Bila lindo, anayefungua mlango anaua tu na kupita.

Siku hiyo nilikuwa na Kroot wangu, sanamu za viumbe wa sayari nyingine, wale wa kikosi cha Farstalker Kinband. Mmoja wao nilimpaka rangi karibu miezi miwili, jioni nikitoka kazini, miiba ya kichwani mmoja baada ya mwingine. Nikamweka lindo nyuma ya mlango. Kijana niliyecheza naye, mpole sana, akaufungua kwa askari wake wa kikosi cha Navy Breachers. Nikasema, "Nakatiza." Akaitikia kwa kichwa. Nikaokota dadu.

Mhudumu alikuwa anapita. "Siyo zamu yako," akasema. Nikamweleza habari ya lindo. Hakunisikiliza. Akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kucheza, kwa sauti iliyofika meza ya pili, kisha akanyoosha mkono, akamshika Kroot wangu kwenye bunduki aliyobeba na kumrudisha nyuma. Bunduki ikavunjika. Nilisikia ule mlio.

Mimi nimekulia kwenye mabaraza ya bao. Pale kila mtazamaji ni fundi, watakucheka, watakwambia umekosea mtaji, lakini sijaona mtu anaingiza mkono kwenye shimo na kugusa kete za mwenzake. Haijawahi kutokea. Huyu analipwa kuhudumia wachezaji!

Kijana ndiye aliyefungua kitabu cha kanuni. Akasoma, akamwonyesha kwa kidole: nilikuwa na haki. Mhudumu akatazama, akasema, "Ni mchezo tu," akaondoka. Pole hakusema. Hata gundi hakuleta, na gundi imejaa rafu nzima nyuma ya kaunta.

Nilitaka kufungasha. Kijana akaniomba tumalize, nikakaa kwa ajili yake. Nilifyatua nikakosa, naye zamu yake ilipofika akamvamia Kroot yule yule palepale mlangoni. Mapigano ya ana kwa ana ya mchezo huu hayana mfano: wote wawili mnarusha dadu kwa mpigo, halafu mnapokezana, kila dadu uamue unapiga au unakinga, na aliyevamia ndiye anayeanza. Sita haikingwi ila kwa sita. Nilikuwa na sita moja. Nikakinga pigo ambalo lingeniua, kisha nikammaliza kwa dadu ya mwisho, na kwa dakika mbili tatu nikasahau kabisa hasira zangu.

Kwa hiyo sijui niwape nyota ngapi. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa moja. Meza peke yake ni tano. Mhudumu hana hata nusu, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona duka lisilowafundisha watu wake kutogusa mali ya mteja halistahili hela yangu. Basi moja, ibaki moja.

Bunduki nimeigandisha mwenyewe, imekaa upande kidogo. Kijana ameniandikia kuuliza kama Alhamisi nitakuja. Bado sijamjibu.