Uzoefu wangu na ganzi ya TAP baada ya upasuaji wa utumbo kwa matundu madogo

Ganzi ya TAP, yaani dawa ya ganzi inayochomwa katikati ya misuli ya ukuta wa tumbo, naipa alama za juu kwa wagonjwa wa utumbo mpana, ilimradi ijulikane inazuia maumivu gani. Inatia ganzi ukuta wa tumbo tu. Maumivu ya utumbo wenyewe yanapita njia nyingine, na maumivu ya bega yanayoletwa na gesi ya upasuaji nayo haiyagusi. Mgonjwa akilalamika kusokotwa ndani, huku ukimbonyeza pembeni mwa kidonda hashtuki, ganzi imefanya kazi yake. Mwongezee dawa nyingine, usimchome tena.

Proba ya altrasaundi naiweka ubavuni, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga. Misuli mitatu inaonekana imepangana, na dawa inatakiwa ikae kati ya wa pili na wa tatu. Naingiza sindano ya milimita 80 au 100 bila kuipoteza ncha yake machoni, navuta bomba kuona kama damu inarudi, kisha nasukuma mililita 1 au 2 tu. Hapo ndipo pa kukodolea macho. Tabaka likiwa lenyewe, weusi wa dawa kwenye skrini unafunguka umbo la jicho na msuli wa tatu unashuka. Ukiona msuli unavimba bila tabaka kuachana, ncha imo ndani ya nyama: isogeze kidogo, jaribu tena. Wanaoendelea kusukuma wakidhani dawa itajitafutia njia ndio ambao baadaye husema TAP haifai.

Dawa ya ganzi ya bupivakaini ya 0.25%, mililita 20 kila upande, ni miligramu 100. Kwa kikomo cha miligramu 2 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anaruhusiwa 120. Wa kilo 45 mwisho wake ni 90, kwa hiyo namzimulia hadi 0.2%: mililita ni zilezile 40, dawa inakuwa miligramu 80. Sipunguzi ujazo, kwa kuwa ganzi hii inategemea kusambaa. Na lazima umuulize daktari wa upasuaji kama amechoma ganzi kwenye vidonda, maana yote yanaingia hesabu moja. Mgonjwa aliyelala usingizi hawezi kukuambia midomo inamfa ganzi au masikio yanavuma. Dalili ya kwanza ya sumu inaweza kuwa moyo kubadilika mapigo. Mafuta ya mshipani ya 20%, ya kutibu sumu hiyo, yawe chumbani kabla hujachoma.

Upungufu mkubwa wa sindano ya ubavuni ni matundu yaliyo juu ya kitovu, ambayo mara nyingi haiyafikii. Hayo yanahitaji sindano nyingine chini ya ukingo wa mbavu, na dozi igawanywe, isiongezwe.

Ukichoma mara moja, nguvu hudumu kwa saa kadhaa, na kwa aliyepasuliwa mchana huisha usiku. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi itolewe kwa saa, maumivu yasisubiriwe. Tofauti na ganzi ya epidura, inayochomwa mgongoni, hii haishushi presha, na miguu kwa kawaida hubaki na nguvu. Lakini dawa iliyoteremka hadi mshipa wa fahamu wa paja hulegeza goti, kwa hiyo kabla mgonjwa hajasimama mara ya kwanza, mwambie anyooshe goti akiwa kitandani, mguu mmoja mmoja.