Aplikesheni ya eCourts ya India: nyota 4, ila zijue kwanza hatua za kesi

Naandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki mlioko India, mimi niko Pune, na hii eCourts Services, aplikesheni ya kufuatilia kesi za mahakama za huku, nimeitumia zaidi ya mwaka sasa. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja alichomwa kisu akaporwa simu, namshukuru Mungu alipona, tukaandikisha FIR polisi (taarifa ya kosa, hiyo ndo kama RB yetu), kijana mmoja akakamatwa.

Tukaweka wakili amsaidie mwendesha mashtaka wa serikali, mwathirika anaruhusiwa huku. Basi kila tukimpigia jibu ni "tarikh", yani tarehe imesogezwa, halafu leteni nauli. Mpaka kaka mmoja anayesoma sheria akatuambia shusheni hiyo aplikesheni ni bure, mwingize namba ya CNR, ndo namba ya utambulisho wa kesi, herufi na tarakimu jumla 16, yetu inaanza na MH kwa vile Pune iko jimbo la Maharashtra. Aisee! Kila tarehe iliyopita ipo, inayofuata ipo, na kesi iko hatua gani. Nauli zikaisha siku hiyohiyo.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu inakutajia jina la hatua tu kwa Kiingereza cha mahakamani, maana yake utajijua mwenyewe. Kwahiyo nawaelezea nilivyoelewa.

Kesi iliyofunguliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 inaenda na sheria mpya ya mwenendo wa kesi za jinai inaitwa BNSS, ile ya mwaka 1973 imeachiwa kesi za zamani. Polisi wakimaliza upelelezi wanapeleka ripoti mahakamani, wenyewe wanaiita chaji shiti, ila msichanganye, hayo bado sio mashtaka. Kama mtu yuko ndani na siku 60 zimepita, au 90 kwa makosa mazito, ripoti haijafika, ana haki ya dhamana. Kesi nzito kama yetu hakimu wa chini anaihamishia mahakama ya Sessions na inapewa namba mpya, hapo tulihangaika wiki nzima tukidhani imefutwa kumbe tunaangalia namba ya zamani.

Halafu inakuja hatua ambayo mimi naona ndo ya muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sisi nyumbani tumezoea kusikia "ana kesi ya kujibu" baada ya mashahidi wa Jamhuri kumaliza, huku jaji anapima makaratasi kwanza kabla hata shahidi mmoja hajapanda, akiona hakuna msingi anamwachia mshtakiwa palepale, akiona upo ndo anaandika mashtaka na kuyasoma. Siku hiyo mama wa yule kijana alikaa kwenye korido na sisi, hajui hata kinachoendelea ndani, ikabidi nimwonyeshe kwenye simu tarehe inayofuata, akashika mkono wangu akalia. Iliniuma kwakweli, hata kama mwanae ndo anatuhumiwa kumchoma rafiki yangu.

Baada ya hapo ni ushahidi, hii ndo ndefu, rafiki yangu alihojiwa kisha wakili wa utetezi akamhoji tena mpaka jasho. Mashahidi wakiisha jaji mwenyewe anamuuliza mshtakiwa maswali kuhusu ushahidi wote uliomgusa, bila kiapo, na akikataa kujibu haadhibiwi kwa hilo. Kisha mashahidi wa utetezi kama wapo, hoja za mwisho za pande zote mbili, hukumu. Akitiwa hatiani anasikilizwa tena kuhusu adhabu.

Yetu juzi imeandika hoja za mwisho. Zikifungwa sheria inampa jaji siku 30, anaweza kusogeza mpaka 45 akiandika sababu, kwahiyo naifungua kila asubuhi kabla ya chai. Na nyie mlio na kesi, CNR iombeni kwa wakili mapema, ikihamishiwa Sessions iombeni tena.