Rickman CR750 barabarani Dar: chesisi ndiyo pikipiki yenyewe

Nikisimama kwenye taa, vijana wa bodaboda wananiuliza swali moja: "Braza, hiyo CC ngapi?" Ni 736, injini ya Honda CB750 yenye silinda nne. Swali zuri, ila raha ya Rickman CR750 hii iko kwenye chesisi, yaani fremu inayobeba injini na magurudumu.

Honda walitoa CB750 mwaka 1969. Injini ilisifiwa kila mahali, lakini ukiibana kwenye kona kwa kasi, mwili wake ulikuwa unayumba. Derek na Don Rickman, ndugu wawili waliokuwa wakishindana kwa pikipiki, walikuwa na karakana New Milton, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1974 wakaleta CR, ndiyo hii ninayoendesha: unanunua chesisi, tangi, kiti na kava la mbele la kukinga upepo, kisha unahamishia injini ya Honda yako. Mabomba ya chesisi ni ya chuma aina ya Reynolds 531, yamepakwa nikeli inayong'aa kwa umanjano wa mbali. Naifuta kila nikirudi, na sichoki kuitazama.

Ili uielewe, toka alfajiri Barabara ya Bagamoyo, upite Bunju kabla malori hayajajaa. Kwenye kona ndefu unailaza mara moja tu, inabaki pale pale ulipoilaza. Ukikanyaga kiraka cha lami katikati ya kona, unasikia mtikisiko mikononi, lakini haihami njia yake. CB750 ya kiwandani nimewahi kuiendesha, na kwenye kiraka kama hicho nilikaza meno. Breki ni za diski, Lockheed, mbele na nyuma. Inashika kwa nguvu bila kushtua.

Kuna ufundi mmoja ambao kila nikiuona nawavulia kofia wale ndugu. Pikipiki nyingi, ukikaza cheni unavuta tairi la nyuma, na usipolinganisha pande mbili tairi linakaa upande. Kwa Rickman, ekseli ya nyuma haisogei. Unazungusha visahani vyenye tundu lisilo katikati, pale mkono wa nyuma unaoshika tairi unapoungana na chesisi. Cheni inakaza, tairi linabaki limenyooka.

Mjini ni mateso, niseme ukweli. Usukani uko chini, kwa hiyo kila tuta linapita kwenye viganja. Kava linazuia kukata kona fupi. Vichochoro vya Kariakoo naviacha. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, injini inayopozwa na upepo inakosa upepo, na joto lote linapanda magotini. Ukitaka chombo cha kwenda nacho kazini kila siku, nunua kingine.

Hewa ya chumvi nayo haina huruma na nikeli. Anayekaa Msasani au Kigamboni aifunike kwa kitambaa kinachopumua, asiifunike kwa nailoni inayofungia unyevu, na apake nta mara kwa mara.

Vipuri havinisumbui kama watu wanavyodhani. Plagi ni NGK D8EA, zilezile zinazotumika kwenye bodaboda nyingi za Kichina, nachukua nne dukani Gerezani. Kabureta nne ndizo zinazotaka fundi mtulivu, maana zikipishana kidogo injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inapounguruma bila kuvutiwa mafuta.

Ila usikubali mtu yeyote aguse chesisi kwa mashine ya kuchomelea ya umeme. Mabomba ni membamba, viungo vyake vimeunganishwa kwa gesi na shaba, na moto mkali unaharibu nguvu ya chuma pembeni ya kiungo. Nimekutana na fundi aliyetaka kuchomelea kipande cha kubebea mzigo, nikaondoka.

Ukipata ya kuuzwa, anza kukagua viungo kwa tochi, kimoja kimoja, halafu hakikisha namba ya chesisi na ya injini zote zimo kwenye karatasi. Injini iliyochoka isikutishe, CB750 zilitengenezwa nyingi na vipuri vyake bado vinapatikana.