Transista RD16HHF1: wati 16 zipo, ukipata ya kweli

Kikuza nguvu changu cha kwanza cha kurushia mawimbi ya redio nilikijenga kwa IRF510, transista ya bei ya kutupa ambayo kazi yake hasa ni kuwasha na kuzima mkondo kwenye paua saplai. Kazi ya redio tumeibandika tu sisi wabahili. Kwenye mawimbi ya mita 40, yaani megahezi 7, ilinipa wati 8 vizuri kabisa. Nilipopanda mita 10, yaani megahezi 28, zikabaki wati 2, na hitisinki, chuma cha kuipoza, haishikiki. Tatizo ni geti lake, mguu unaopokea mawimbi ya kukuzwa: lina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya kama pikofaradi 180. Kwa megahezi 7 hiyo ni sawa na kizuizi cha omu 126 hivi. Kwa megahezi 28 ni omu 32 tu, kwa hiyo nguvu ya kulichochea inaishia palepale mlangoni.

RD16HHF1 ya Mitsubishi imetengenezwa kwa ajili ya redio. Karatasi yake ya vipimo inasema wati 16 kwenye megahezi 30, volti 12.5, ukiichochea kwa wati 0.4. Mimi kwa betri ya gari nimepima 15 mita 40 na 13 mita 10. Sina neno.

Bati la mgongoni ni sosi, mguu unaoungwa upande wa hasi, hivyo unalikaza kwenye hitisinki bila kipande cha mika cha kuzuia umeme. Raha! Ila miguu haifuatani kama ya IRF510: hapa ni geti, sosi, dreini (mguu unaopokea volti za chanya); kule dreini iko katikati. Mimi niliichomeka palepale pa zamani, fyuzi ikaruka kabla sijaondoa mkono kwenye swichi.

Kosa hilo ndilo lililonifundisha kuwatambua feki. Nne za kwanza nilizoagiza mtandaoni zilikuwa na maandishi safi kabisa. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu mguu wa kati, mweusi mguu wa tatu: ya kweli inapitisha mkondo, kutoka sosi kwenda dreini. Zangu zilipitisha kinyume chake, maana yake ni transista za swichi zilizoandikwa upya.

RD16HHF1 usiipeleke mita 2, yaani megahezi 144. Huko chukua ndugu yake RD15HVF1, wati 15 kwenye megahezi 175, ingawa naye akifika 520 anabaki na 7.

Yule muuzaji nilimtumia picha za mita. Akanijibu kwamba zote ni transista, kaka.