Chuo cha Maendeleo ya Wananchi: maoni ya mlezi aliyempeleka binti

Mpwa wangu alipokosa nafasi ya kidato cha tano, baadhi ya ndugu walitaka aende Dar es Salaam kutafuta kazi za ndani. Sikukubali, nikampeleka katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho wilayani kwetu, huku Nyanda za Juu Kusini. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na leo viko 54 chini ya Wizara ya Elimu. Shabaha yake tangu mwanzo ni kijana kupata ujuzi utakaomfaa pale pale anapoishi.

Upande wa kilimo chuo hicho kinastahili sifa, kwa kuwa mafunzo yake yanafuata kazi iliyopo vijijini kwetu, ambako karibu kila kaya sasa inapanda parachichi. Binti alinionesha kwa mikono yake: mche wa kienyeji uliofikia unene wa penseli unakatwa juu, shina linapasuliwa katikati kwa kisu kikali, kisha kikonyo, yaani kijiti cha parachichi bora aina ya Hass, kilichochongwa pande mbili kinachomekwa humo na kufungwa barabara kwa utepe wa nailoni. "Mjomba, ganda lisipogusana na ganda, hakishiki," aliniambia, na miche aliyobebesha (aliyoiunganisha) siku ile mingi imechipua. Nilifurahishwa pia na kituo cha malezi ya watoto kilichomo chuoni, maana kina mama wadogo walioacha shule kwa sababu ya ujauzito husoma wakijua kwamba watoto wao wako salama hatua chache kutoka darasani.

Karakana ya useremala ilinisikitisha. Katika eneo lililozungukwa na misitu ya kupandwa, ambako mbao za msindano hupita barabarani kila siku, randa ya umeme ilikuwa mbovu kwa muda mrefu, na vijana wengi walikuwa wakisubiri zamu ya misumeno michache.

Lililoniuma zaidi ni kwamba binti alihitimu bila mtu yeyote kumweleza habari za mikopo ya halmashauri, ilhali sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana, bila riba. Kwa kuwa mikopo hiyo ya vijana hutolewa kwa vikundi, kikundi kinachoundwa wanafunzi wakiwa bado chuoni, chenye katiba na akaunti ya benki, kingeanza safari hiyo mapema. Wetu walitawanyika siku ya mahafali, kila mmoja na cheti chake.

Pamoja na hayo, mdogo wake nitampeleka huko huko mwakani, katika kozi ya kilimo na si useremala, na nawashauri wazazi waingie karakana wenyewe na kuomba mashine ziwashwe kabla ya kulipa ada. Binti ana kitalu nyuma ya nyumba ya bibi yake, na wiki iliyopita jirani alimwekea oda ya miche 60.