Tathmini: Droo ya Leseni za Elki ya Colorado kwa Mwindaji Anayetoka Nje ya Jimbo

Kwa miaka mingi mwindaji wa upinde aliyetoka nje ya Colorado hakulazimika kupanga mambo yake mapema. Aliingia duka la vifaa vya uwindaji mwishoni mwa Agosti, akalipa, akatoka mfukoni na leseni ya elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Tangu msimu wa 2025 mlango huo umefungwa: katika milima yote iliyo magharibi mwa barabara kuu ya I-25, mgeni hupata leseni ya upinde kwa droo tu, ilhali mkazi wa jimbo bado ananunua yake moja kwa moja katika vitalu vingi vya uwindaji. Tathmini hii inaipima droo hiyo, inayoendeshwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, kwa jicho la mteja wa mbali, kama sisi Waswahili tunaoishi Iowa na majimbo mengine ambako elki wa kuwinda hakuna.

Bidhaa yenyewe haina mshindani. Dume la elki huweza kuzidi kilo 300, na Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, karibu 300,000. Isitoshe, sehemu kubwa ya makazi yao, kwa mfano nyanda za juu za Flat Tops, ni ardhi ya umma ambayo mtu huingia bila kumlipa mwenye shamba. Tatizo ni kwamba kila mtu anayajua hayo. Wakazi walilalamika kwamba misitu ya Septemba imejaa watu na kwamba elki, wakisumbuliwa, hukimbilia mashamba ya watu binafsi ambako hawafikiki. Kamisheni ya idara iliitikia kwa hatua mbili: kuanzia 2024 mgao wa leseni za droo ukawa asilimia 75 kwa wakazi na 25 kwa wageni, au 80 kwa 20 katika vitalu vinavyogombaniwa zaidi, na mwaka uliofuata ndipo ikaja zamu ya upinde.

Fomu ya maombi inatisha kwa mara ya kwanza, kwa sababu kila uwindaji una msimbo wake. Chukua E-M-000-U2-R: E ni elki, M ni dume, 000 huonyesha kwamba leseni inafaa katika vitalu vingi, U2 ni msimu wa pili usio na kikomo cha leseni (huu huuzwa bila droo), na R ni bunduki. Ukishauzoea mpangilio huo, fomu husomeka vizuri kuliko tovuti nyingi za serikali. Mwombaji hujaza machaguo manne, na hapa ndipo penye uzuri wa huduma hii ambao wageni wengi hawautumii ipasavyo: pointi za kipaumbele, ambazo mtu huongeza moja kila mwaka anapokosa chaguo lake la kwanza au anapoomba pointi tu, na ambazo humsogeza mbele kwenye droo, hutumika kwa chaguo la kwanza peke yake. Anayeandika E-P-999-99-P, yaani msimbo wa kuomba pointi tu, kama chaguo lake la kwanza, kisha akaweka kitalu kisicho na ushindani mkubwa kama chaguo la pili, anaweza kuwinda mwaka huohuo na bado akaongeza pointi. Sijui kwa nini mtu angependa kukaa nyumbani miaka kumi akilimbikiza pointi ilhali njia hiyo ipo.

Wapo wanaolimbikiza, hata hivyo, wakivilenga vitalu vya 2, 10 na 201 vya kaskazini-magharibi, ambavyo huhitaji pointi zaidi ya 20. Kwa mgeni anayeanza leo, kuvifukuzia vitalu hivyo ni kukimbiza kivuli, kwani waliomtangulia nao wanaongeza pointi kila mwaka, na fungu la wageni ni dogo.

Mabadiliko haya yamewaumiza zaidi watu wa upinde. Anayekosa leseni ya upinde anashawishika kuhamia msimu wa pili au wa tatu wa bunduki, kati ya Oktoba na Novemba, ambako leseni za madume bado zinauzwa bila droo hata kwa wageni. Kwenye karatasi hajapoteza kitu. Lakini Septemba ni wakati wa kupandana, dume hulia kwa sauti kali na humsogelea mwindaji anayejua kumwigiza. Mwishoni mwa Oktoba amekwisha kunyamaza, amejificha kwenye miti minene, na milima imejaa wawindaji wa bunduki wenye fulana za usalama za rangi ya chungwa. Ni uwindaji mwingine kabisa kwa bei ileile, ambayo kwa mgeni huzidi dola 700.

Majimbo jirani hayampi mgeni nafuu kubwa. New Mexico humtengea mgeni asiye na mkataba na wakala wa uwindaji asilimia 6 tu ya leseni za droo. Wyoming mwaka 2024 ilipandisha leseni yake maalumu ya elki kwa wageni, ambayo mtu huilipia zaidi ili kuingia kwenye droo yenye washindani wachache, hadi dola 1,950, wakati ya kawaida ni dola 692, na mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa bila kiongozi aliyesajiliwa au mwenyeji wa jimbo.

Kero yangu kwa Colorado ni sharti la kununua kwanza leseni nyingine, kwa mfano ya wanyama wadogo, ndipo uruhusiwe kuingia kwenye droo. Ni gharama ya ziada iliyovalishwa jina zuri. Kwa upande mwingine, bei ya leseni ya elki hukatwa kwenye kadi baada ya kushinda tu.

Kwa mtu wa bunduki ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kwa mtu wa upinde, mbili na nusu. Anayetaka kujaribu ahakikishe ana cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji, maana bila hicho hakuna leseni kwa aliyezaliwa tangu 1 Januari 1949. Maombi hufungwa saa 2 usiku kwa saa za milimani (Mountain Time, saa za Colorado), Jumanne ya kwanza ya Aprili, na leseni zilizobaki huanza kuuzwa Agosti.